Siku 7 za Ruhusa, Miaka 10 ya Kliniki

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyeugua siku 7 za mshahara kamili na siku nyingine 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Hicho ndicho kiwango cha chini; mwajiri mwenye roho nzuri anaweza kuongeza. Mionzi ya titi, kwa ratiba iliyozoeleka siku hizi, ni siku 15 za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 3 mfululizo. Maana yake mwajiriwa wa Nairobi au Eldoret anaweza kumaliza ruhusa yake yote ya ugonjwa na mionzi bado haijaisha. Hapo hatujagusa upasuaji, wala dripu za kemo, wala kliniki za kurudi zinazofuata kwa miaka.

Tanzania tunaweza kujipiga kifua kidogo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika kila miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Ukilinganisha na majirani, si haba. Lakini siku hizo ni za mwenye mkataba. Muuza vitumbua wa Mbagala, mkulima wa korosho wa Tandahimba na mshona nguo wa Manzese hawana hata moja. Kwao siku ya kliniki ni siku ya kutouza, basi.

Nimeanza na hesabu hizi kwa sababu zinafichua namna tunavyoifikiria saratani ya matiti. Tunaichukulia kama ajali ya barabarani: mtu ameanguka, tunakimbia, tunachanga, anainuka, tunamshukuru Mungu, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Sheria za kazi zimeandikwa hivyo, kamati za michango za ukoo zinaendeshwa hivyo, na matembezi ya Oktoba pamoja na fulana zake za pinki yanaishia kwenye "nenda kapime". Kupima ni sawa, sina ugomvi nako. Ila kwa wanawake wengi waliokwisha kupima na kukutwa nayo, ugonjwa huu ni wa miaka, na sisi wengine tunafunga daftari la michango wakati wao ndio kwanza wanapewa kadi ya kliniki.

Dada yangu mkubwa anauza vitenge Tandika. Alipogundulika, familia ilisimama kweli. Michango ilipita kwenye simu mpaka kwa binamu walioko Muscat, mawifi walipika kwa zamu, upasuaji ukafanyika. Mionzi ilipoisha tukafanya shukrani, na pilau ikaliwa. Baada ya pilau alibaki na kadi, kidonge kimoja cha kila siku na mkono wa kushoto unaovimba akichoka. Kati ya sisi tulioshiba siku ile, wanaojua tarehe yake ya kurudi hawajazi bajaji.

Watu wakisikia kemo wanawaza nywele. Nywele ndilo jambo dogo. Ratiba moja inayotumika sana ina mizunguko 8: minne ya doksorubisini pamoja na saiklofosfamaidi, kila baada ya wiki 3, halafu minne ya paklitakseli. Doksorubisini ni nyekundu iliyokolea, na mkojo wa siku ile hutoka mwekundu pia, jambo ambalo nesi asipokuambia mapema litakutoa roho chooni. Dawa hiyo inaweza kuudhuru moyo, ndiyo maana moyo hupimwa kwanza. Dada alikuwa anakwenda na chupa ya chai iliyojaa barafu za ukwaju alizogandisha mwenyewe kwa maji ya kuchemsha, maana za kununua mtaani hakuziamini kwenye zile siku ambazo kinga iko chini. Dripu ikiingia, yeye anamung'unya barafu. Alisema zinapunguza ule uchungu wa mdomoni, kama vile umelamba sarafu. Wenzake wa viti vya jirani wakaanza kumwagiza, na kabla ratiba yake haijafika nusu tayari alikuwa na wateja. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Kinachochosha hasa ni zile siku ambazo kemo haifanyiki. Baada ya dozi, chembe nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Homa ikifika nyuzi 38 katika siku hizo, si homa ya kumeza panadoli na kujifunika kanga. Ni ya kukimbia hospitali usiku uleule. Chembe zikichelewa kupanda, dozi inayofuata inaahirishwa, na ni sawa iahirishwe, vinginevyo dawa itaua. Shida ni jinsi mgonjwa anavyoambiwa. Siku moja tulikuwa tumekaa benchi moja na mama aliyetoka Songea, zaidi ya kilomita 900 kwa basi, usiku kucha. Alitolewa damu asubuhi, akasubiri majibu, na saa nane mchana akaitwa dirishani: "Mama, damu yako imeshuka. Rudi wiki ijayo." Akajibu, "Ahsante, mwanangu," akakunja karatasi zake, akakaa tena palepale alipokuwa. Kwetu sisi wa Dar tarehe ikiahirishwa tunapoteza nauli ya bajaji. Yeye alikuwa na uchaguzi wa kulala wiki nzima kwa watu au kurudi Songea na kuja tena.

Kipimo kile cha kuhesabu chembe za damu kinafanyika katika hospitali yoyote ya mkoa. Angeweza kupimwa Songea siku mbili kabla, karatasi ikapigwa picha na kutumwa kwa simu, akaambiwa njoo au subiri. Haihitaji mashine mpya wala mfadhili. Inahitaji mtu mmoja ofisini aone kwamba nauli ya mgonjwa ni sehemu ya tiba. Sisemi ni hospitali gani, kwa sababu nimesikia kisa hichohicho kwa watu wa hospitali nyingine, na kwa watu wa upande wa pili wa mpaka.

Kwenye mionzi habari ni nzuri kidogo. Zamani titi lilipigwa mionzi siku 25, wiki 5. Majaribio ya Uingereza yanayojulikana kama START yakaonyesha kwamba siku 15 zinatosha. Mwaka 2020 jaribio jingine la hukohuko, FAST-Forward, likachapisha matokeo ya miaka 5: kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo, siku 5 tu za wiki moja hazikuwa duni kuliko zile 15. Anayelala kwake Oysterbay atasema amepunguziwa foleni. Kwa aliyevuka na boti kutoka Unguja, au aliyetoka Mtwara akajibanza kwa ndugu wa mume asiowafahamu vizuri, kutoka wiki 5 hadi wiki 1 ni kupunguziwa mwezi wa kula chakula cha watu. Mgonjwa asiende kudai siku 5 kwa sababu kasoma gazetini. Uamuzi una mambo yake, kwa mfano kama tezi za kwapani nazo zinapigwa. Wanaopanga huduma, hao ndio wadaiwe jibu.

Halafu tiba nzito inaisha, kliniki za kurudi zinaanza. Miongozo ya kimataifa inakaribiana: miaka 3 ya mwanzo uonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6, miaka 2 inayofuata kila baada ya miezi 6 hadi 12, kisha mara moja kwa mwaka, pamoja na mamografia kila mwaka, ya titi lililobaki au ya yote mawili kama hukukatwa. Kinachowashangaza wengi ni kwamba humo hamna sitiskani ya kila mara. Hamna kipimo cha mifupa kwa mtu asiye na maumivu, wala vile vipimo vya damu vya "alama za saratani".

Si ubahili. Mwaka 1994 yalichapishwa majaribio mawili ya Italia yaliyogawa wanawake kwa bahati nasibu. Moja lilikuwa na wanawake 1,320 katika hospitali 20. Kundi la kwanza lilipigwa eksirei za kifua, vipimo vya mifupa na vinginevyo kwa ratiba; kundi la pili lilichunguzwa kwa mkono, kwa maswali na kwa mamografia, na kipimo kingine kikaongezwa pale tu dalili ilipojitokeza. Idadi ya walionusurika haikutofautiana. Saratani iliyosambaa mifupani ikigunduliwa kwa mashine miezi kadhaa kabla haijauma, mgonjwa anapata miezi kadhaa zaidi ya kujua. Kuishi zaidi, hapana.

Ndiyo maana zinanikera maabara binafsi zinazouza kifurushi cha "uhakika" kwa wanawake waliomaliza tiba. Wanajua wanachouza ni hofu. Kipimo cha damu kinaweza kupanda kwa sababu isiyo saratani, mgonjwa akakosa usingizi mwezi mzima. Na kinaweza kutulia wakati kitu kinakua. Pesa hiyohiyo ingenunua vidonge vya miezi na nauli ya kwenda kuonwa na mtu anayejua kuuliza. Maana kliniki ya kurudi, ukiondoa mamografia, ni maongezi. Kuna uvimbe mpya, kwenye kovu, kwapani, juu ya mfupa wa bega? Mgongo unauma usiku na haupungui wiki kwa wiki? Unahema ukipanda ngazi? Macho yamekuwa ya manjano? Kichwa kinauma kwa namna ambayo si ya kawaida yako? Maswali kama hayo yanataka nafasi, na nafasi hiyo foleni inaila. Mwanamke anaingia, "Shikamoo dokta," "Marahaba mama, unaendeleaje?" "Naendelea vizuri," kadi inagongwa muhuri, ametoka. Mgongo unaomsumbua tangu mwezi uliopita ameubeba kurudi nao nyumbani, kwa sababu aliona aibu kumchelewesha daktari mwenye watu 40 nje ya mlango.

Dada sasa anaandika. Ana daftari dogo la hesabu za duka, na kurasa za nyuma ni za mwili: tarehe, nini kimeuma, kimeuma kwa siku ngapi. Akiingia kwa daktari analiweka mezani likiwa wazi. Daktari mmoja alilichukua, akasoma kimya, halafu akamuuliza bei ya kitenge cha wax, maana mistari miwili ilikuwa imeingiliana. Walicheka wote. Baada ya hapo ndipo waliongea vizuri kuhusu mgongo, ambao uligeuka kuwa ni wa kukaa vibaya kwenye stuli ya duka.

Wiki inayotangulia kliniki nyumba yake hubadilika. Anapanga makabati, anafua mapazia ambayo hayajachafuka, anawagombeza watoto kwa mambo madogo. Kila kinachouma kinakuwa saratani: goti, jino, shingo iliyolalia mto vibaya. Kwa miaka familia nzima tulikuwa na dawa moja ya hali hiyo: "Usiseme hivyo dada, Mungu ni mwema." Kwamba Mungu ni mwema dada anajua kuliko sisi, ndiye anayeamka kusali. Tulichokuwa tunafanya ni kumnyamazisha kwa jina la Mungu ili sisi tusiogope. Hofu ya wiki ya majibu haina ujinga wowote ndani yake. Anayeogopa anajua anaogopa nini, na amewazika wenzake wa kliniki.

Alichotaka, tulipokuja kumuuliza, hakikuwa hata sisi kumsindikiza. "Wewe ukija na mimi tunakaa wawili kwenye benchi na duka limefungwa," aliniambia. "Kaa dukani." Tangu hapo siku za kliniki anakwenda na jirani yake, mimi nakaa Tandika kuuza vitenge vibaya. Wateja wananipiga bei mpaka namwonea huruma mwenye mali.

Sasa turudi kwenye kile kidonge cha dada cha kila siku. Tamoksifeni ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Dora Richardson katika maabara za kampuni ya ICI huko Uingereza, na lengo lilikuwa dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilifaa. Kwa wanawake ilichochea mayai kupevuka, kinyume cha kilichotafutwa. Ingeweza kutupwa. Mwaka 1973 ikaruhusiwa Uingereza kwa saratani ya matiti. Kwa wale ambao uvimbe wao unalishwa na homoni, kuinywa miaka 5 kunapunguza vifo vya ugonjwa huo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15, na jaribio kubwa la ATLAS lilipotoa matokeo mwaka 2012 lilionyesha kwamba miaka 10 inakinga zaidi ya 5. Ni kidonge cha bei nafuu ukilinganisha na karibu kila kitu kingine kwenye saratani. Kinachokiangusha ni kuachwa, hata katika nchi tajiri.

Kinaachwa kwa sababu za kawaida kabisa. Joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, katikati ya Februari ya Dar es Salaam, umeme umekatika. Uke kukauka, na mume asiyeelezwa chochote akidhani amechukiwa. Duka la dawa la wilaya limeishiwa, na lililo nacho liko mjini. Mwingine alimaliza kopo akadhani dozi imeisha, kama ya malaria, kwa kuwa aliyemkabidhi hakumwambia kwamba kuna makopo ya miaka. Na wengine wameacha kwa sababu tuliwaambia wamepona, tena kwa pilau.

Mwaka 2017 wachambuzi walikusanya taarifa za karibu wanawake 63,000 waliomaliza miaka 5 ya dawa za homoni bila ugonjwa kurudi. Kuanzia mwaka wa 5 hadi wa 20 saratani iliendelea kurudi kwa baadhi yao, kwa kasi isiyopungua mwaka hata mwaka. Waliokuwa na uvimbe mdogo usiofika kwapani hatari yao ilikuwa ndogo, ila kwa waliokuwa na tezi nyingi zilizofikiwa na saratani hatari ilikuwa kubwa zaidi. Aina isiyolishwa na homoni wala protini iitwayo HER2, ambayo tunayo kwa wingi Afrika, ina tabia nyingine: hurudi zaidi miaka ya mwanzo kisha hutulia. Kila mwanamke anapaswa kujua aina yake kwa jina na kuwa na nakala ya majibu ya kipimo cha kinyama nyumbani, kwa sababu faili za hospitali hupotea.

Yapo pia ambayo kliniki haiulizi na mgonjwa hasemi. Anayetumia tamoksifeni akitokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi lazima aseme, kwani dawa hiyo huongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, pengine ni damu iliyoganda. Halafu kuna uzazi. Wagonjwa wetu wengi ni vijana, mama mkwe anahesabu miezi, na kushika mimba ukiwa kwenye kidonge hakuruhusiwi. Jaribio la POSITIVE, lililochapishwa mwaka 2023, lilifuatilia wanawake wa miaka 42 kushuka chini waliotumia dawa za homoni miezi 18 hadi 30, wakasimama hadi miaka 2 wazae, kisha wakarejea. Kwa muda uliofuatiliwa, takriban miaka 3, ugonjwa haukurudi zaidi kuliko kwa wasiosimama. Ni muda mfupi kwa ugonjwa wa miaka 20, kwa hiyo si ruhusa ya kuacha kidonge kimyakimya. Ila mwanamke wa miaka 31 anaweza kumwambia daktari wake "nataka mtoto" na kupata jibu la maana.

Mkono nao una habari yake. Tezi za kwapani zikiondolewa, maji ya mwili hukosa njia na mkono huvimba, mara nyingine miaka baada ya upasuaji. Ushauri wa kizamani ulikuwa mkali: usibebe kitu kizito maisha yako yote. Mwambie hivyo mwanamke wa Kishapu anayechota maji kisimani, au anayesonga ugali wa watu wanane. Ama atakudanganya, ama ataishi anajilaumu kila mkono ukivimba. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la wanawake 141 waliokwisha kuvimba mkono. Walionyanyua vyuma kwa kuongeza uzito polepole, chini ya uangalizi, hawakuvimba zaidi ya wenzao, na walipata nguvu. Kinachodhuru ni mkono dhaifu kushtukizwa na ndoo ya lita 20. Mazoezi ya kuurudisha yanaweza kufundishwa na mfiziotherapia asubuhi moja, lakini wengi hutoka hospitali na marufuku tu. Dada, kwa upande wake, alijishonea titi la bandia: mfuko wa khanga ndani ya sidiria, pamba, na mtama kidogo kwa ajili ya uzito ili bega lisiinuke upande. Anawashonea na wengine sasa. Hilo nalo amelifanya biashara, na anatoza.

Tukija kwenye pesa, Kenya inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa mazuri na mabaya. Bima mpya ya jamii ilipoanza Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kiliwekwa Sh400,000 za Kenya kwa kaya kwa mwaka, na nyongeza ya Sh150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Neno la kuangalia hapo ni kaya: baba mwenye saratani ya tezi dume na mama mwenye ya titi wanakula chungu kimoja. Mwaka 2025 serikali na kampuni ya Roche wakakubaliana kuhusu Herceptin, dawa ya wenye aina ya HER2: dozi iliyokuwa takriban Sh120,000 ikashushwa hadi Sh40,000, na bima ikabeba yote. Kwa dawa inayotolewa kila wiki 3 kwa mwaka mzima, karibu dozi 18, bei ile ya kwanza ni kiasi ambacho familia nyingi ziliuza shamba kukipata na zikaishia dozi ya tano. Tanzania tumepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaochora kitita chake wangefanya vyema kuhesabu tiba ya titi kwa urefu wake halisi, kidonge cha mwaka wa 9 kikiwamo.

Halafu kuna wanawake ambao fulana za Oktoba haziwajui kabisa, ambao saratani yao imesambaa mifupani, mapafuni au kwenye ini. Kwao kliniki haina mwisho wa miaka 5 wala 10. Tiba inaendelea mpaka iache kufanya kazi, kisha inajaribiwa nyingine. Wengine huishi hivyo miaka, wakifanya kazi, wakilea. Wanatukera kwa sababu wanaharibu hadithi ya ushindi, ndiyo maana kwenye jukwaa huwaoni. Wanachohitaji kinajulikana: dawa zisizokatika, na maumivu yaliyotulizwa. Uganda wameonyesha njia kwenye la pili. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilithibitisha kwamba morfini ya kunywa, unga uliochanganywa na maji, inaweza kutengenezwa kwa bei ndogo na kumfikia mgonjwa nyumbani, na serikali ikakubali kuitoa bure. Bado wapo ndugu wanaokataa mgonjwa wao apewe, wakidhani morfini ni salamu za mwisho. Mgonjwa huyo anaumwa usiku kucha kwa ajili ya dhana ya watu wanaolala.

Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021, liliweka malengo matatu: asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike hatua za mwanzo, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 wamalize tiba. La kwanza lina mabango. La tatu halina, na ndilo linaloamua kama mawili ya kwanza yalikuwa na faida. Utafiti uitwao ABC-DO, uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini, ulikuta karibu nusu wako hai baada ya miaka 3. Watafiti waliwafuatiliaje watu waliotawanyika hivyo, wengi vijijini? Kwa simu ya mkononi, kila baada ya miezi 3. Waliopotea walikuwa wachache mno.

Kama utafiti uliweza, kliniki inaweza. Namba za simu tayari zimeandikwa kwenye jalada la kila faili, ya mgonjwa na ya ndugu wa karibu. Anatakiwa nesi mmoja, muda wa maongezi, na orodha: nani kidonge chake kinaisha wiki hii, nani apime damu kwao kabla ya kupanda basi, nani mgongo unamuuma na hakusema. Wa kwanza kupigiwa wawe wale waliokuwa na tarehe mwezi uliopita na hawakuonekana.